Masisi: Shabiki wa Léopards huko Mubambiro bado hajamsamehe kocha kwa dakika ya 119

Wiki mbili karibu zimepita tangu Kongo itolewe katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Morocco. Huko Mubambiro, kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Sake, fundi mmoja wa pikipiki bado anaicheza mechi ile upya kila asubuhi. Anafungua injini ya motari mmoja, anapanga bulonji juu ya kipande cha gunia, na kabla hazijafika kumi, jina la Sébastien Desabre limekwisha kutajwa.

Ni baba wa watoto watano, mwenye miaka 46. Hakupenda jina lake liandikwe, na hakueleza sana ni kwa nini. Hapa watu hawaulizani sana mambo hayo. Lakini kuhusu mpira hana siri. Kwake, kocha wa timu ya taifa ameshindwa somo moja ambalo hata motari wa kijijini analijua: ukiwa umebeba mzigo na umekaribia kufika, ndipo unapaswa kushika usukani kwa mikono miwili.

Wateja wanacheka. Mmoja anamwambia atengeneze motari kwanza, Desabre amwachie Kinshasa. Yeye anajibu kwamba timu si ya Kinshasa peke yake.

Jioni ya Jumanne

Mechi anayoizungumzia ilichezwa Jumanne tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, mjini Rabat, katika hatua ya timu 16 bora. Kongo ilikuwa imefika hapo ikiwa na sifa nzuri. Iliipiga Benin 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Senegal, kisha ikaifunga Botswana 3-0. Ilimaliza kundi na pointi saba sawa na Senegal, ikawa ya pili kwa tofauti ya magoli tu. Hakuna timu iliyokuwa imeishinda.

Mbele ya Algeria, dakika 90 ziliisha bila goli. Zikaja dakika za nyongeza. Katika nyumba ya video ya Mubambiro, watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, wengine wamesimama hadi mlangoni, na nje giza lilikuwa limekwisha kuingia. Dakika ya 119, Adil Boulbina, mchezaji wa Algeria aliyetoka kwenye benchi, alipiga shuti moja kali. Goli. Dakika moja tu ilikuwa imebaki kabla ya penalti.

Fundi anasema hakupiga kelele. Alitoka nje, akakaa juu ya jiwe la volkano lililo karibu na mlango, akasikia jenereta ikizimwa. Watu walipita mbele yake wakirudi nyumbani haraka, kwani usiku si wa kutembea ovyo huku. Hakuna aliyesema usiku mwema.

Tangu siku hiyo, hoja yake ni moja. Anasema kwamba tangu dakika ya mia hivi, timu ilianza kungojea penalti. Wachezaji walirudi nyuma, mipira ilipigwa mbali bila mwenyewe, kana kwamba goli la ushindi lilikuwa limekatazwa. Upande wa pili, kocha wa Algeria, Vladimir Petković, alikuwa bado na mtu mwenye miguu mipya, akamwingiza, na mtu huyo ndiye aliyefunga. Fundi anauliza: kwa nini benchi la wengine linafunga magoli, na la kwetu linavaa jaketi?

Si kila mtu anakubali. Lakini hata wale wanaomtetea kocha wanakiri kwamba dakika ile inauma.

Mbili kwa sifuri

Kama ingekuwa mechi moja tu, fundi anasema, angekwisha kuisahau. Hasira yake ina mizizi. Anaanza na tarehe 9 mwezi wa tisa 2025.

Siku hiyo, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, Kongo iliipokea Senegal katika mechi za kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Léopards walikuwa mbele katika kundi, na pointi 16 dhidi ya 15 za Senegal. Cédric Bakambu alifunga. Yoane Wissa akaongeza la pili. Dakika ya 33, Kongo ilikuwa mbele 2-0, na nchi nzima ilikuwa na mguu mmoja Amerika.

Kisha Pape Gueye akarudisha moja kabla ya mapumziko. Nicolas Jackson akasawazisha mapema kipindi cha pili. Na mechi ikiwa inakwisha, Pape Matar Sarr akafunga la tatu. Kongo 2, Senegal 3. Baadhi ya mashabiki mjini Kinshasa waling'oa viti vya uwanja kwa hasira. Senegal ilipanda hadi pointi 18, na tiketi ya moja kwa moja ikaenda upande wao.

Huko Mubambiro hakuna viti vya kung'oa, anasema fundi akicheka kidogo. Alirudi nyumbani, akakataa kula. Mke wake alimwambia kwamba sombe halikufungwa goli na mtu yeyote. Akala.

Halafu kuna kumbukumbu nyingine, ya zamani kidogo, ambayo vijana wengi wanaisahau. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2017, uwanja huohuo wa Martyrs, mashindano yaleyale ya kutafuta Kombe la Dunia. Kongo, chini ya Florent Ibengé, ilikuwa mbele ya Tunisia 2-0 katika kipindi cha pili. Tunisia ilirudisha magoli mawili ndani ya dakika chache. Mechi ikaisha 2-2. Mwisho wa kundi, Tunisia ilikwenda Urusi na pointi 14, Kongo ikabaki nyumbani na pointi 13.

Mwezi wa tisa mara mbili. Mbili kwa sifuri mara mbili. Kwa fundi, hiyo si bahati mbaya, ni ugonjwa. Na ugonjwa unaorudi, anasema, hauulizwi mgonjwa, unaulizwa daktari.

Makocha wamepita

Ukimsikiliza kwa muda mrefu, unaona kwamba hamchukii Desabre. Anawajua makocha wote, na kila mmoja ana kesi yake.

Ibengé anamheshimu. Ndiye aliyeiongoza Kongo hadi nafasi ya tatu huko Guinea ya Ikweta mwaka wa 2015, katika mashindano ambayo Léopards walikuwa nyuma 2-0 mbele ya jirani zao wa Brazzaville, kisha wakashinda 4-2. Fundi anasema siku ile ndipo alipojua kwamba mechi inaweza pia kugeuka upande wetu. Lakini Ibengé huyohuyo ndiye wa Tunisia, na ndiye wa Madagascar mwaka wa 2019, alipotolewa kwa penalti na timu iliyokuwa inashiriki kwa mara ya kwanza.

Baada yake alikuja Christian N'Sengi-Biembe, na Kongo ikakosa kabisa kufuzu kwa kombe lililochezwa Cameroon. Gambia na Gabon ndizo zilizopita katika kundi lile.

Kisha akaja Héctor Cúper. Hapo fundi anaweka spana chini. Mwargentina huyo alikuwa na jina kubwa: aliifikisha Valencia ya Uhispania katika fainali mbili za Ulaya, 2000 na 2001, na aliipeleka Misri katika Kombe la Dunia la 2018. Watu walisema sasa mwalimu wa kweli amefika. Mwezi wa tatu 2022, Kongo ilitoka sare ya 1-1 na Morocco mjini Kinshasa, ikaenda Casablanca na kupigwa 4-1. Kombe la Dunia la Qatar likafungwa. Miezi mitatu baadaye, timu ilipoteza nyumbani mbele ya Gabon 1-0, ikapoteza tena Sudan 2-1. Cúper akaondoka.

Fundi anasema kutoka kwa Cúper alijifunza kwamba jina la kocha halifungi goli. Ni kama pikipiki mpya ya rangi nzuri: ukiipeleka kwenye barabara ya Masisi wakati wa mvua, ndipo utajua ina nini ndani.

Desabre alichukua timu mwezi wa nane 2022, ikiwa na mechi mbili za kufuzu na pointi sifuri. Mfaransa huyo alikuwa anajulikana Afrika Mashariki kwani aliifundisha Uganda na kuifikisha hatua ya timu 16 mwaka wa 2019. Alipofika Kongo, wengi walimwona mdogo. Hakuwa na fainali za Ulaya katika mfuko wake.

Na hapa ndipo kesi ya fundi inapokuwa ngumu, kwa sababu shahidi wa upande wa pili ni mtoto wake mwenyewe.

Mtoto anamtetea kocha

Kijana ana miaka 19, naye ni motari. Jioni akirudisha pikipiki, mabishano yanaanza. Anamwita baba yake Papa, kwa heshima yote, lakini hamwachii hata neno moja.

Anamkumbusha kwamba Desabre aliikuta timu chini kabisa, akaifunga Gabon kwake 2-0, akaipiga Sudan 2-0, akaipeleka Kongo Côte d'Ivoire. Huko, mwanzoni mwa 2024, Léopards waliitoa Misri kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi akifunga mwenyewe penalti ya mwisho. Waliifunga Guinea 3-1. Walifika nusu fainali, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2015.

Anamkumbusha pia mwezi wa kumi na moja 2025. Baada ya Senegal kuchukua nafasi ya kwanza, watu walisema yamekwisha. Lakini Kongo ilizifunga Togo na Sudan 1-0 kila moja, ikaingia katika mechi za mchujo za Afrika huko Morocco. Alhamisi tarehe 13, iliipiga Cameroon 1-0 kwa goli la Chancel Mbemba katika dakika za mwisho kabisa. Jumapili tarehe 16, ilikutana na Nigeria. Nigeria ilifunga mapema, Meschak Elia akasawazisha, na mechi ikaenda hadi penalti.

Na Desabre alifanya nini? Dakika za nyongeza zikiisha, alimtoa Mpasi, yule yule aliyewatoa Misri, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Kongo ikashinda 4-3. Mbemba akapiga ya mwisho.

Kijana anasema kocha mwoga hawezi kufanya hivyo. Kama Fayulu angeshindwa, Desabre asingeweza kutembea katika mtaa wowote wa Kongo. Alihatarisha kazi yake, na alikuwa sahihi.

Baba hapingi. Anasema usiku ule alilia. Lakini anarudisha mpira kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa maoni yake, ushindi dhidi ya Nigeria ndio ulioleta kilio cha Algeria. Timu ilizoea kuamini kwamba penalti ni nyumba yake, ikaanza kukimbilia huko kabla ya kufukuzwa.

Golikipa wa 1974

Kuna sababu nyingine iliyofanya moyo wa fundi usimame alipoona Mpasi anatolewa. Aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyefuata Kombe la Dunia la 1974 kwa redio.

Mwaka ule, Zaïre ilikuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya pili baada ya 1968. Ndaye Mulamba alikuwa amefunga magoli tisa katika kombe moja la Afrika, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Timu ikawa ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, raia wa Yugoslavia.

Mechi ya kwanza, Scotland ilishinda 2-0, na si aibu. Kisha tarehe 18 mwezi wa sita, mjini Gelsenkirchen, Zaïre ilikutana na Yugoslavia yenyewe, nchi ya kocha. Wachezaji walikuwa wamekasirika juu ya marupurupu ambayo hawakuyaona. Baada ya dakika ishirini hivi, magoli matatu yalikuwa yamekwisha kuingia. Vidinić akamtoa golikipa Kazadi Mwamba, mmoja wa bora wa Afrika, akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Muda mfupi baadaye Ndaye Mulamba akapewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mechi iliisha 9-0.

Miaka zaidi ya hamsini imepita, na wazee bado wanaulizana kwa nini golikipa yule alitolewa. Wengine waliona usaliti, wengine agizo la wakubwa, wengine hofu tu ya kocha aliyepotewa na akili. Baba yake fundi alikufa bila jibu. Alichomwachia mtoto ni sheria moja: kocha akimgusa golikipa katikati ya vita, omba Mungu.

Kwa hiyo usiku wa Nigeria, Fayulu alipovua jaketi, fundi aliomba Mungu. Mtoto wake, ambaye hakuwa na mzee wa 1974 kichwani, alipiga makofi.

Mkono juu ya mdomo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini haya yote yana uzito mahali kama Mubambiro. Jibu liko katika tarehe nyingine: Jumatano, 7 mwezi wa pili 2024.

Jioni hiyo, mjini Abidjan, Kongo ilicheza nusu fainali na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wote waliweka mkono mmoja juu ya mdomo na vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Dunia nzima iliona. Walikuwa wanasema kwamba mashariki ya Kongo watu wanauawa na hakuna anayezungumza. Sébastien Haller alifunga goli moja, Kongo ikatolewa. Siku tatu baadaye ilipoteza pia nafasi ya tatu kwa penalti mbele ya Afrika Kusini.

Lakini wiki hiyohiyo, vita vilikuwa vimefika kwenye vilima vya Sake. Maelfu ya watu walikuwa barabarani wakielekea Goma, magodoro juu ya chukudu, watoto mgongoni, mbuzi kwa kamba. Mubambiro, penye kambi ya kijeshi, palikuwa katikati ya milio. Tarehe 14, wiki moja baada ya nusu fainali, bomu lilianguka ndani ya kambi ya askari wa Afrika Kusini hapahapa Mubambiro. Wawili walikufa.

Fundi hakuona nusu fainali. Alikuwa anatembea na familia kuelekea Goma. Picha ya wachezaji na mkono mdomoni aliiona siku mbili baadaye kwenye simu ya mtu, wakiwa wamejibanza chini ya hema la plastiki. Anasema aliitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza, aliona watu waliovaa rangi za nchi wakizungumza juu yake, na bila kufungua kinywa.

Mwezi wa kwanza 2025, Sake na kisha Goma ziliingia mikononi mwa M23. Mwezi uliofuata, kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Fundi alirudi Mubambiro. Sanduku la spana alikuwa amelizika nyuma ya nyumba. Alilikuta, na kutu kidogo.

Tangu hapo, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, benki zimefungwa, na kwenda Kinshasa ni safari ya kuzunguka nchi za watu. Mambo mengi yanayomfunga Mkongo na nchi yake yamekatika. Kilichobaki, anasema fundi, ni jezi.

Ndiyo maana maneno ya wale wanaomwambia aache kumsema kocha hayamwingii. Wengine humwambia kwamba vijana wale walitutetea mbele ya dunia, si vizuri kuwalaumu. Yeye anaona kinyume chake. Mtu asiyekuhusu humlaumu. Unalaumu cha kwako. Siku atakapoacha kubishana juu ya Léopards, anasema, ndiyo siku ambayo wataweza kumwambia kwamba yeye si wa nchi hiyo tena.

Kuna jambo lingine ambalo hakulisema, lakini linaonekana kwa anayekaa pale nusu siku. Mtu asiyejulikana akisimama karibu, mazungumzo juu ya bei, juu ya barabara, juu ya nani anaamuru wapi, hukatika au hushuka sauti. Mazungumzo juu ya Desabre hayashuki. Hapo kila mmoja ana maoni, na anayatoa kwa sauti yake yote, mbele ya yeyote. Mpita njia akisimama, anaulizwa tu: wewe ungemwingiza nani?

Anachokitaka

Ukimuuliza kama kocha afukuzwe, fundi anakataa mara moja. Ameona makocha wengi wakifukuzwa na shida ikibaki nyumbani. Anachotaka ni vitu vitatu, anavihesabu kwa vidole vyenye mafuta.

Cha kwanza, timu ikiwa mbele iendelee kucheza mpira, isianze kulinda goli kana kwamba ni mali ya wizi. Cha pili, mabadiliko yafanywe mapema, wakati mchezaji amechoka, si wakati timu imekwisha kufungwa. Cha tatu, na hicho anakirudia, kocha aeleze. Baada ya Senegal, baada ya Algeria, mashabiki wanahitaji kusikia kosa lilikuwa wapi kwa maneno ya wazi, si kwamba mpira ndivyo ulivyo. Fundi mwenyewe, pikipiki ikirudi na ugonjwa uleule, hawezi kumwambia mteja kwamba pikipiki ndivyo zilivyo.

Kijana anasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakubishi. Anasema tu kwamba Papa angekuwa kocha, wachezaji wote wangekimbia kambi. Wateja wanaangua kicheko, na baba naye pia.

Katika mabishano yao, wote wawili wanakutana kwa mtu mmoja: Michel Kuka Mboladinga, shabiki aliyesimama kama sanamu ya Patrice Lumumba katika mechi zote za Kongo huko Morocco, mkono juu, bila kutikisika dakika 90. Baada ya goli la Boulbina, mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alimdhihaki, kisha akaomba radhi. Fundi anasema kwamba mtu yule ndiye pekee aliyelinda nafasi yake hadi mwisho.

Usiku wa mwezi wa tatu

Mechi kubwa bado inakuja. Kwa sababu iliishinda Nigeria, Kongo itacheza mchujo wa mwisho wa dunia huko Guadalajara, Mexico, tarehe 31 mwezi wa tatu 2026, dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Mechi moja tu. Ikishinda, itaingia kundi la Ureno, Colombia na Uzbekistan, na itacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu ile 1974. Ikishindwa, mtoto wa fundi atasubiri hadi 2030.

Tatizo la Mubambiro ni saa. Kati ya Guadalajara na hapa kuna tofauti ya saa nane. Hata kama wangecheza kwao saa sita ya mchana, hapa ingekuwa tayari saa mbili ya usiku. Mechi ikianza alasiri, hapa ni usiku wa manane. Na baada ya giza, barabara si ya watu.

Wiki iliyopita, fundi na wenzake walikwenda kuongea na mwenye nyumba ya video. Walikubaliana hivi: siku hiyo watu wataingia kabla ya jua kuzama, kila mmoja na mkeka au blanketi lake. Mlango utafungwa. Mafuta ya jenereta watachangia wote, na yatapimwa ya kutosha dakika 120 pamoja na penalti. Mechi ikiisha, iwe furaha au kilio, hakuna atakayetoka hadi asubuhi.

Kijana aliuliza kwa nini wanunue mafuta ya dakika 120, kama Papa anataka timu imalize kazi katika 90. Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akarudi kwenye injini iliyokuwa inamngoja. Akasema mafuta ni ya kwao, na wamepanga. Kubaki ni kocha naye apange.